Polenta ya chizi bila kuzama kwenye siagi

Mwaka wa tatu huu niko Bergamo, kaskazini mwa Italia, na kila nikimpigia mama Tanga lazima aulize mwanangu huko unakula nini, namwambia ugali, anacheka anadhani namdanganya. Ila kweli, polenta ni unga wa mahindi, maji na chumvi, basi. Watu wa kusini huwatania hawa wa kaskazini kwa kuwaita polentoni, yaani wala-polenta, so nimefika kwa ndugu zangu kabisa 😂

Shida ni ile ya chizi (ya kula jamani, sio kichaa). Bi mkubwa wa ghorofa ya chini alinikaribisha Jumapili moja akapika polenta concia, ya watu wa milimani kule Valle d'Aosta, tulikuwa wanne na akatia kama gramu 200 za fontina, chizi ya hukohuko, na siagi gramu 100, na siagi hiyo peke yake ni kalori zaidi ya 700. Tamu sijapata kuona. Nikalala mpaka magharibi.

Nikajifanya mjanja nikaipika mwenyewe, siagi hamna, chizi nikanunua ile ya mafuta kidogo, nikasonga dakika kumi kama ugali wetu nikaipua. Weee. Unga chengachenga mdomoni, chizi inavutika kama bigijii.

Kumbe ule ulaini hauletwi na siagi, unaletwa na muda. Unga wa polenta ni wa chenga, unataka kunywa maji taratibu, na mimi mkono wangu umezoea sembe.

Siku hizi nafanya hivi: maji mililita 800 yakichemka natia chumvi kidogo sana, halafu unga gramu 200 naunyunyiza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unakoroga na kile cha waya cha kupigia mayai, usiumwage wote kwa mpigo utapata mabonge, kisha moto chini kabisa, nafunika, na kila baada ya dakika tano narudi na mwiko. Dakika 45, hakuna njia ya mkato (upo unga wa dakika tano ulioivishwa kabisa kiwandani, ila ladha yake mmh). Zikibaki kumi naongeza maziwa yaliyotolewa mafuta mililita 200, ukiyatia mapema yanashika chini. Nikishaipua ndio natia Parmigiano iliyokwaruzwa laini, gramu 40 tu, pilipili manga na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni. Hiyo chizi hukaa miezi 12 au zaidi ndo iuzwe, ni kali na ina chumvi yake, kidogo tu unaisikia sufuria nzima. Ya mafuta kidogo sinunui tena, bora kidogo cha kweli. Juu naweka uyoga wa kitunguu saumu.

Nikampelekea bi mkubwa bakuli, akaonja, akasema buona, yaani tamu, halafu akainuka kimyakimya akafungua friji akajikatia siagi. Sawa mama.

Inayobaki naimwaga kwenye sinia, asubuhi imeganda, nakata vipande nachoma kwenye kikaango kikavu mpaka iwe na ukoko, nateremshia chai ya rangi. Kiporo ni kiporo tu, hata Bergamo.