Sindano ya geji ya mafuta ya Land Rover yangu imeamka

Miezi mitatu geji ya Land Rover yangu, Series III, ililala kwenye sifuri hata nikitoka kujaza tangi. Jumamosi niliinua kiti cha dereva. Tangi liko chini yake. Nikatoa waya wa kipimio, kile kifaa cha tangini chenye boya linaloiambia geji mafuta yamefika wapi, nikaugusisha bodi kidogo. Sindano ikapanda polepole. Basi geji ni nzima, ugonjwa uko tangini.

Nilichomoa betri, nikafungua kipimio. Boya nilipolitikisa, nikasikia petroli ikicheza ndani! Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, likawa linazama. Nimeweka jingine.

Filta nayo ilijaa kutu ya tangi. Nimefunga mpya, mshale ukielekea kabureta.

Leo sindano imesimama nusu. Nimeitazama njia nzima hadi Naivasha.