“Mimi sivuti, natafuna tu”

Usiku huu nalifikiria swali moja dogo linaloulizwa vibaya. Mgonjwa wa saratani ya mdomo anafika kliniki, anaulizwa, “Unavuta sigara?” Anajibu hapana, faili linaandikwa “havuti”, na mlango wa msaada umefungwa hapo hapo. Kumbe shavuni ana tambuu yenye popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku. Wala hakusema uongo. Tambuu haivutwi, ugoro hauvutwi.

Basi vitu vitajwe kwa majina yake, kwa taratibu: “Shikamoo bi mkubwa. Unatumia ugoro? Tambuu je? Na hiyo tambuu unatia tumbaku?” Popoo peke yake husababisha saratani, kwa hiyo anayetoa tumbaku akabakisha popoo bado hajatoka. Kwa wavutaji, kuuliza pakti ngapi hakusaidii, maana wengi hununua moja moja. Uliza alivuta ngapi jana, na ya kwanza aliiwasha muda gani baada ya kuamka. Asiyeweza kungoja nusu saa ameshikwa sana. Na badala ya “umeacha?” uliza “ya mwisho ilikuwa lini?” Swali la kwanza linampa mtu mwenye aibu pa kujificha.

Aibu hiyo naihofia kuliko uraibu wenyewe. Mganga akishasema “sigara ndiyo iliyokuletea haya”, mgonjwa hufunga mdomo, na moyoni anabaki na lake: nishapata kensa, niache ili iweje? Ni swali la haki na lina jibu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi. Kati ya walioendelea kuvuta, asilimia 45 uvimbe wao ulitoweka kabisa. Kati ya wasiovuta wakati wa tiba, asilimia 74. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 39 kwa 66. Mionzi huua chembe vizuri zaidi penye oksijeni, na moshi hutia kwenye damu hewa ya kaboni monoksidi inayoikalia oksijeni nafasi yake. Jibu hili apewe mgonjwa kwa sauti ya upole, siku ile ile ya kwanza.

Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa mionzi, sisi wa visiwani, wamekuwa wakivuka bahari kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya saratani za kichwa na shingo huweza kuchukua wiki saba, siku tano kila wiki. Mtu yuko mbali na baraza lake na wenzake wa kuvuta nao. Nafasi kama hii haipatikani mara mbili. Tunaipoteza kwa sababu barua ya rufaa haisemi neno juu ya tumbaku. Iandikwe alichokuwa akitumia, kiasi, siku aliyoacha na dawa aliyoanzishwa. Akirudi apigiwe simu kabla hajashuka bandarini, kwani jioni ya kwanza barazani ndiyo ngumu. Na anayemuuguza, kama naye anavuta, asaidiwe pamoja naye.

Kwa anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku, kiraka cha nikotini, kinachobandikwa kwenye ngozi, ni miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, na 7 kwa wiki mbili. Kikidondoka, mara nyingi ni mafuta ya nazi: ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe, isipakwe kitu. Kibadilishwe mahali kila siku, na kisiwekwe kabisa kwenye ngozi inayopigwa mionzi. Chingamu ya nikotini ni nzuri kwa hamu ya ghafla, ila mwenye vidonda vya mdomo itamchoma bure.

Varenikilini, kidonge cha kusaidia kuacha sigara, ni miligramu 0.5 mara moja kila siku kwa siku tatu za kwanza, kisha 0.5 mara mbili kwa siku hadi siku ya saba, halafu 1 mara mbili kwa siku mpaka zitimie wiki 12. Sigara huachwa siku ya nane. Inatia kichefuchefu, kwa hiyo imezwe baada ya kula, na maji ya kutosha. Ramadhani hukaa vizuri baada ya futari na baada ya daku. Figo zikiwa zimechoka sana, kama zinavyoweza kuchoshwa na sisplatini, dawa ya saratani, dozi ya varenikilini ipunguzwe. Bupropioni, kidonge kingine cha kusaidia kuacha, asipewe mwenye saratani iliyofika ubongoni, kwa sababu ya degedege, wala anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kwani bupropioni huizuia tamoksifeni isigeuzwe mwilini kuwa dawa kamili.

Kahawa husahauliwa. Moshi huliharakisha ini kusaga kafeini. Sigara ikikoma, vikombe vile vile vya barazani hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, usingizi unapotea, mgonjwa anadhani ni tumbaku inamdai, anarudi kuvuta. Vikombe vipungue nusu tangu siku ya kuacha. Moshi huo huo hupunguza nguvu ya irinotekani na erlotinibu, ambazo ni dawa za saratani, kwa hiyo daktari wa saratani aambiwe siku sigara ilipoachwa.

Dawa za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2009, varenikilini na bupropioni tangu 2021. Anayeandika maombi ya dawa ya hospitali ana pa kusimamia.

Akiteleza akavuta moja, kiraka hakitolewi. Aulizwe alikuwa na nani, saa ngapi, baada ya chakula gani, na miadi isogezwe kutoka mwezi ujao iwe wiki hii.