Pweza ana akili, bwana

Bamvua hili, maji yalipokupwa sana, nimefuatana na shangazi kuchokoa pweza miambani Mikindani. Akanionesha tundu lenye mawe yaliyopangwa mlangoni. "Huyu kajifungia. Ana akili, mwanangu, usimdharau."

Sayansi iko upande wake. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko mikononi, si kichwani! Mkono unaonja, unapapasa na kuamua mengi bila kusubiri ubongo. Babu yetu wa pamoja naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla ya akili kubwa kuwepo, kwa hiyo mageuzi ya viumbe yamejenga akili kubwa zaidi ya mara moja, kwa ramani tofauti kabisa. Mwaka 2012 wanasayansi waliokutana Cambridge walimtaja pweza miongoni mwa viumbe wenye neva zinazoweza kuleta ufahamu.

Kinachonichanganya (na supu yake naipenda, sifichi): mama hufa mayai yakianguliwa, halafu mtoto anaishi mwaka mmoja, miwili. Kupanga mawe kafundishwa na nani? Shangazi anasema Mungu. Mimi nasema mnyama laini asiye na gamba, anayewindwa na kila samaki, wajinga wao waliliwa kabla ya kuzaa, wenye akili wakabaki na kurithisha. Shangazi hajakubali. Nyie mnasemaje?