Wekundu Haukuwa Majini

Dada alifika Kigoma na simu iliyojaa majani. Ni binti wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni dada tu, na mwaka huo wa 2014 alikuwa ametimiza miaka saba Vermont, Marekani, bila kurudi nyumbani. Jioni ya kwanza tulikaa barazani tukila migebuka kwa ugali wa muhogo, akanionyesha picha moja baada ya nyingine. Ziwa dogo limezungukwa na miti myekundu. Maporomoko yanamwagika katikati ya majani ya manjano. Ziwa tena. Nikamuuliza mbona kila picha ina maji. Akasema kule ikikaribia Oktoba watu hubeba vibegi mgongoni, wakapanda vilima kuyafuata maziwa na maporomoko, kwa sababu rangi ikitua majini unaiona mara mbili.

"Mwaka huu nimeikosa," akasema, kama mtu aliyekosa harusi ya ndugu.

Nilitafuta la kumpoza. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli, lakini vuli ninayoijua mimi ni mvua, tena ya watu wa pwani na kaskazini. Sisi wa Kigoma na Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba ukatufikisha Aprili au Mei, basi. Hata hivyo nimekulia Sikonge, kwa baba mrina asali, na kila mwaka kabla ya mvua pori letu lilikuwa linageuka rangi. Nikajikuta nimeshasema: "Hata sisi tunayo." Ziwa Tanganyika tunalo, maporomoko yapo kwenye hifadhi ya Gombe, miti ya miombo imejaa. Nikaona hesabu imetimia.

Asubuhi nikampigia baba. Baada ya salamu ya mwangaluka na habari za mizinga nikamuuliza kama miti imeanza.

"Mtundu umeshaanza kuwaka," akasema, yaani ule mti wa miombo. "Ila mtundu hauoti mtoni, mwanangu."

Nikamjibu nimesikia. Sikuwa nimesikia. Dada alikuwa ameshaichukua simu anamsimulia baba mdogo wake kuhusu mti wa mepo wa huko kwao, unaotobolewa ukatoa maji matamu, na jinsi lita 40 za maji hayo zinavyochemshwa hadi ibaki lita moja ya sharubati. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuni zote hizo, akasema, na nyuki yupo.

Boti za kwenda kaskazini hupakia Kibirizi. Tulifika saa nne kwa kuwa tuliambiwa inaondoka saa tano, ikaondoka saa saba na nusu, baada ya kupakia magunia ya unga, magodoro mawili na kina mama wanaorudi vijijini kwao baada ya kuuza dagaa. Gombe ni kilomita kama 16 tu kutoka mjini, lakini boti ile ilikuwa inasimama kila kijiji. Moshi wa mapori yaliyochomwa ulikuwa umetanda, milima ya Kongo haionekani kabisa. Dada akauliza ziwa lina kina gani. Nikaanza kumtajia mita 1,470, kwamba duniani ni Baikal peke yake linalolizidi, mama aliyekaa pembeni yetu akanikatiza: "Hayo yaulizeni mkishashuka."

Usiku tulilala Kasekela, ndani ya hifadhi. Mkate wetu ulichukuliwa na nyani mlangoni, kosa langu, tulishaonywa tusiuache mlango wazi.

Kesho yake mwongozaji akatupeleka kwenye maporomoko ya Kakombe. Sasa hapo ndipo nilipoumbuka. Bonde lile lina msitu mzito, miti mirefu iliyosukwa kwa mitambaazi, na kijito kisichokauka. Mti wenye maji miguuni mwake mwaka mzima hauna haja ya kupukutisha majani kwa pamoja. Kila kitu kilikuwa kijani. Maporomoko yenyewe yalikuwa yanashuka kwenye mwamba mweusi na upepo wa baridi unatupiga usoni, mahali pazuri kweli, lakini dada alipiga picha moja tu akairudisha simu mfukoni. Huruma yake ndiyo iliyoniuma.

Nikamuuliza mwongozaji, kwa sauti ya chini, majani mekundu yako wapi.

"Mekundu?" Akanyoosha kidole juu, nyuma yetu. "Mmeyapa kisogo tangu asubuhi."

Dada ndiye aliyesema tupande. Kilima cha Gombe si cha mchezo. Vilele vyake vinapita mita 1,500, na ziwa lenyewe liko kwenye 770 hivi. Nyasi kavu zinateleza kuliko matope. Nilipanda nimeshika mizizi, nikianguka kila hatua ya tatu, jasho linaniingia machoni. Kisha msitu ukaisha ghafla, na mgongo wa kilima ukawa umevaa miombo.

Rangi ya mawese. Sina neno bora. Mawese yaliyokolea, na mengine kama shaba, na mengine mekundu kabisa kwenye ncha za matawi, jua linapita ndani yake. Chini kabisa, ziwa.

Dada akashusha tawi, akalibana jani moja kwa vidole. Alitegemea livunjike. Likajikunja, laini, lenye unyevu, kama sikio la mtoto mchanga.

"Hili halijafa," akasema.

"Limezaliwa juzi," mwongozaji akamjibu. "Wiki mbili tatu hivi utalikuta kijani."

Akakaa chini kwenye vumbi. Kule kwao, akasema, kijani kinaondoka kwanza, manjano iliyokuwa imejificha inajitokeza, na wekundu jani linautengeneza likiwa karibu kudondoka. Hapa jani linaanza na wekundu, pengine ni kinga ya jua kali na wadudu, na mvua bado hata tone. Mti unasukuma majani kwa maji uliyoyaweka akiba na mizizi iliyokwenda mbali. "Yaani ni ileile, imegeuzwa," akasema, akacheka peke yake.

Mtandao ulikuwepo pale juu. Tukampigia baba, nikaweka spika.

"Mmeyaona maua?" akauliza.

Tukatazamana. Maua gani? Tukainua vichwa. Kweli, katikati ya wekundu kulikuwa na vishada vidogo vya kijani hafifu, visivyo na sura ya kumvutia mtu.

"Basi nyamazeni kidogo," baba akasema.

Tukanyamaza. Mti mzima ulikuwa unavuma. Dada akasimama kwa ncha za vidole, akainua simu mpaka kwenye tawi, na kule Sikonge baba hakusema neno.