Mkate wa Agosti na keki isiyo na tarehe

Kila mwaka Agosti ikiingia naoka mkate mmoja ambao hauuzwi. Mteja akija asubuhi hiyo akauona mezani, mkubwa, umelaliwa na masuke juu, anauliza bei. Namwambia huo una wenyewe. Wapo wanaonuna. Wenyewe ni sisi wa nyumbani, pamoja na mama mkwe, ambaye hushuka kutoka Mvumi na kukaa nasi mpaka maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni yaishe, na jirani yeyote atakayebisha hodi kabla hatujaumaliza.

Mkate huu ulinijia kwa oda. Nilikuwa natengeneza vya kawaida hapa Ipagala, Dodoma, keki za besdei, za kipaimara, za sendofu, akaja dada mmoja Mwingereza aliyekuwa akifundisha mjini, akataka mkate wenye umbo la mganda wa ngano kwa tarehe 1 Agosti. Nikamuuliza ni sikukuu gani, maana kalenda ya kanisa naijua na sikumbuki kitu siku hiyo. Akasema kwao inaitwa Lammas, siku ya mkate wa kwanza wa ngano mpya. Zamani watu waliubeba kanisani ukabarikiwe. Nako Ireland, tangu kabla ya kanisa kufika, walikuwa na sikukuu yao ya mavuno majira hayohayo, Lughnasadh, ya mungu wao Lugh. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Anafuata mwaka wa kipagani, akasema, bila kupepesa macho, mbele yangu mimi Mwanglikana wa kuzaliwa niliyeshika bakuli la hamira.

Sikumfukuza. Oda ni oda, na kusema kweli nilitaka kusikia zaidi.

Mwaka wao una sikukuu nane. Samhain mwisho wa Oktoba, Yule kwenye usiku mrefu wa Desemba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, halafu Ostara, Beltane, Litha, Lammas na Mabon. Wanaziita gurudumu la mwaka. Gurudumu lenyewe, kwa jinsi lilivyopangwa kuwa nane, si la kale hivyo. Liliungwa Uingereza miaka ya 1950 na viongozi wa upagani wa kisasa kama Gerald Gardner na Ross Nichols, na hilo jina la Mabon limetoka Marekani miaka ya 1970. Ila sikukuu moja moja, kama hiyo ya Lughnasadh, ni za zamani kweli. Na kila moja ina chakula chake. Hapo ndipo aliponipata. Mtu anayeoka kila siku kwa ajili ya biashara anafika mahali Machi na Septemba ni kitu kimoja: unga uleule, vanila ileile, waridi zilezile za krimu.

Lakini kuichukua kalenda hiyo nzimanzima uje kuibandika ukutani Dodoma, hapana. London mwezi Juni mchana unapita saa kumi na sita, Desemba haufiki hata nane. Mtu wa huko akiwasha mishumaa Desemba kuliita jua lirudi, namwelewa. Hapa kwetu tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja, na jua letu halijawahi kwenda popote. Linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na hiyo ya Oktoba ndiyo inayotuua. Tunachokisubiri Desemba ni mvua. Kwa hiyo nikiona dada zangu mtandaoni wanaoka keki ya Yule yenye theluji ya sukari, huku feni inazunguka nyuma yao, nacheka tu.

Mambo yaliyopangwa London tulishayaona. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga pale Kongwa, na matrekta na reli na kila kitu. Ardhi ya Kongwa kiangazi inakakamaa kama sakafu, majembe yakavunjika, mvua ikaja ilivyotaka yenyewe. Mwaka 1951 serikali yao ikaufuta, na pauni milioni 36 hivi zikaenda na maji, ingawa maji yenyewe ndiyo hayakuwapo. Wakati huohuo bibi zetu walikuwa wanalima karanga zao kando ya uwele na wanavuna. Karanga ninazosaga kila Juni kwa biskuti zinatoka kwa mama mmoja wa hukohuko Kongwa, na kila nikizimenya nawakumbuka wale mabwana.

Basi nikatengeneza mwaka wangu. Sikuandika popote, ulijipanga wenyewe jikoni.

Februari nafanya mkate wa maziwa. Hapo tarehe ya Kiairishi na ya Wagogo wa huku zimegongana bila mtu kupanga: Imbolc kwao ni wakati kondoo wanaanza kutoa maziwa, na huku Februari ng'ombe wameshashiba majani ya mvua, maziwa yanajaa vibuyu, wakati unga umepanda bei na ghala limebaki vumbi. Watu wako kwenye palizi, wanakula ugali na mlenda. Huo si wakati wa keki ya ghorofa tatu, na mwenye akili haombi mchango wa harusi mwezi huo. Mkate wa maziwa na samli kidogo unatosha. Machi na Aprili ni mahindi mabichi, tunayakwangua na kuyaoka kwenye maganda yake. Juni ni karanga. Juni na Julai pia ni upepo na baridi, donge linagoma kuumuka, nalifunika blanketi la mtoto na kuliweka karibu na jiko.

Halafu Agosti, na mkate wetu.

Ngano hailimwi huku, kwa hiyo mganda wa ngano hauna maana mezani kwangu. Kinachovunwa na Mgogo ni uwele na mtama, na kufikia Agosti umeshapurwa na kuhifadhiwa. Shida ya uwele ni kwamba unga wake hauna mnato. Ngano ukiikanda inavutika, uwele unakatika. Ukitaka mkate wa uwele mtupu utapata kitu cha kubomoka, kitamu, lakini hakisimami. Mimi kwa kilo moja ya unga naweka robo kilo ya uwele na robo tatu ya ngano. Uwele naumwagia maji ya moto kwanza, nausonga uwe mzito, nauacha upoe kabisa. Ukiharakisha, hamira inakufa. Ndipo naingiza ngano, hamira, chumvi, sukari kiasi, na mafuta ya alizeti. Rangi yake inakuwa ya kijivujivu na mtu asiyejua anadhani umeharibika. Subiri uive. Harufu yake ni ya ugali wa bibi uliokaa pembeni mwa moto ukashika ukoko.

Mapambo ni kazi ya mama mkwe. Yeye hakai kwenye kochi, anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anatoa amri. Kwenye picha za Kizungu suke linatengenezwa kwa kukatakata donge na mkasi ili ncha zisimame. "Suke la uwele halina miiba, mwanangu," ananiambia. "Usilichomechome." Kwa hiyo navingirisha vidole virefu vya donge, vinene, navipaka ute wa yai, halafu navibiringisha kwenye punje za uwele wenyewe, mbichi, zilizopepetwa. Punje zinashika pande zote. Zikiingia kwenye oveni zinakauka, nyingine zinapasuka kidogo, na unapotafuna unasikia. Vidole hivyo navilaza juu ya mkate mviringo, vitatu au vinne, shina chini. Mama mkwe anavihesabu, anasogeza kimoja, anaridhika.

Tarehe nayo imejisogeza. Tulianza na Agosti 1, lakini shule, kazi na safari ya mama mkwe vimeufanya mkate huu uliwe mara nyingi siku ya Nanenane yenyewe, tarehe 8, tukirudi Nzuguni na miguu imejaa vumbi. Sikukuu ya wakulima tayari tunayo, ya kitaifa. Ilikuwa imekosa mkate tu.

Unaliwa na zabibu. Mizabibu ya huku inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi kali ya kuilaza, mkulima ndiye anayeamua kwa mkasi wake lini ianze upya. Zabibu za Mpunguzi na Hombolo zikifika mjini, nyingine natia kwenye chupa na unga na maji, nafunika kitambaa. Kwenye ganda la zabibu kuna hamira ya asili. Baada ya siku chache inatoa povu na harufu ya uchachu, na mkate wa Septemba nauumua kwa hiyo. Mabon, sikukuu yao ya Septemba, wenzetu wanaiadhimisha kwa matufaha na mvinyo. Mvinyo nao tunao, lakini mimi wangu unaishia kwenye donge.

Kuna upande mmoja wa mambo haya nimeukataa. Baadhi ya wafuasi wa huko wanajiita wachawi, kwa fahari, na wana fimbo na vyungu na mishumaa myeusi. Wana historia yao. Sheria ya Uingereza dhidi ya uchawi ilifutwa mwaka 1951 na watu wakapumua. Historia yetu ni nyingine. Nchi hii vikongwe wameuawa, hasa kule kanda ya ziwa, kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Sitaleta mchezo huo jikoni kwangu, hata kwa picha ya Instagram. Jirani mmoja aliwahi kuuliza kwa sauti ya chini kama ule mkate wa masuke ni "wa mambo yale". Nikamkatia kipande kikubwa, na chai. Sasa huja bila kuuliza.

Na Samhain je, ile yao ya kuwakumbuka wafu? Hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Waingereza wa zamani, siku za kuwakumbuka marehemu mwanzoni mwa Novemba, walioka vikeki vidogo vya mviringo vyenye viungo na alama ya msalaba. Watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba, wakapewa, wakawaombea wafu wa nyumba hiyo. Nikamsimulia mama mkwe. Hakushangaa hata kidogo. Kwao, alisema, kabla mvua haijaombwa, wazee walikwenda kwenye makaburi ya wakubwa na ujimbi, pombe yetu ya nafaka, wakamimina kidogo chini, wakaongea na waliolala pale kwa majina. Ukame ukizidi alitafutwa kondoo mweusi, weusi wa wingu. Baba yake yeye alikuwa mlinzi wa kanisa, na alikwenda vilevile, jioni, baada ya ibada. Sijui mchungaji alijua au alijifanya hajui.

Vikeki hivyo navioka. Tarehe 2 Novemba, vya iliki na mdalasini, navigawa kwa watoto wa mtaani, na kila mmoja nampa jina la marehemu wetu mmoja alitamke. Wanalitamka, wanakimbia. Mimi naona kanisa limekuwa likifanya mambo haya muda wote, ila hatuyaiti hivyo. Nenda ibada ya mavuno kijijini uone madhabahu inavyojaa mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, halafu nje mnada unaanza na boga moja linauzwa bei ya mbuzi kwa sababu wazee wawili hawataki kushindwa. Hiyo ni sikukuu ya msimu kuliko kitu chochote nilichokiona kwenye simu.

Iliyobaki ni keki ya mvua, na hii haina tarehe. Naoka siku ya mvua ya kwanza. Ni keki ya ubuyu: unga wa ubuyu vijiko vikubwa vitano kwa mayai manne, maziwa, mafuta, sukari isiyo haba kwa sababu ubuyu ni mchachu, na bikaboneti kidogo, ambayo ikikutana na ule uchachu inafoka mbele ya macho yako, kwa hiyo usizubae, mimina kwenye chombo na uingize kwenye oveni. Ubuyu ndio tunda lililotuvusha kiangazi chote, na kuumalizia siku hiyo naona ni haki. Usiku wake kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya kibarazani, watoto wanawakusanya kwenye beseni, tunawakaanga na chumvi. Kijana wangu mdogo ameomba tuwatie kwenye keki. Nimekataa, anaendelea kuomba.

Ugomvi ni juu ya mvua ipi inahesabika. Novemba huwa inatudanganya: manyunyu ya dakika tano, vumbi linanukia, kila mtu anapiga picha, halafu wiki mbili jua kali. Baba watoto anataka keki kwa manyunyu. Mama mkwe anasema mvua ni ile inayokufanya uchukue jembe. Tumekubaliana kwamba maji lazima yatiririke kwenye mtaro ulio mbele ya geti letu, yaonekane yakibeba majani. Walioweka oda ya vipande nitawapigia mimi. Na tafadhali, kama imenyesha mtaa wa Kisasa na huku Ipagala hatujalowa, msinipigie simu.