Nimetoka Marangu, barafu nikaijulia Uswisi

Nimekulia Marangu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikiuona kila asubuhi mawingu yakikubali. Usingeniambia kitu kuhusu barafu. Nilikuwa nikijua kwamba juu kuna baridi, baridi inagandisha maji, basi. Nikaja Uswisi, jimbo la Valais, nikapata kazi hotelini, na mwezi wa kwanza tu nikapewa koleo niondoe theluji kwenye maegesho ya wageni.

Msimu ule ilianguka mpaka ikafunika vioo vya magari. Nikamwuliza fundi wa hoteli, mzee mwenyeji wa huko: kwa baridi hii, mbona kijiji hakigeuki barafu kama mlima wetu? Akacheka. "Subiri Julai," akasema.

Julai ikafika. Maegesho makavu, ng'ombe wanakula majani pale nilipokuwa nimezama hadi magotini. Mzee akaninyooshea kidole vilele vya juu, bado vyeupe. Kule, akasema, theluji ya mwaka huu inaikuta ya mwaka jana.

Siri yote iko hapo. Nilikuwa nadhani mto wa barafu, ile barafu ya mlimani isiyoisha mwaka hadi mwaka, huzaliwa na baridi kali ya kipupwe, kumbe wa kuangaliwa ni kiangazi: je, kinaweza kuimaliza theluji iliyoanguka? Kikiimaliza, mwaka ujao unaanza sifuri, hata kama kipupwe kilikuwa cha kutisha. Kikishindwa, kinachobaki ni akiba, na akiba inalaliwa na nyingine. Ndiyo maana nchi tambarare za Siberia, pamoja na baridi yake ya kuvunja mifupa, hazina mito ya barafu: theluji yenyewe haba, na kiangazi kinaifuta. Na ndiyo maana sisi wa Ikweta tunayo: Kilimanjaro, Mlima Kenya, na Ruwenzori pale Uganda na Kongo zinapopakana. Ukipanda juu vya kutosha, kiangazi hakikufikii.

Wakati mwingine mzee alinichukua hadi njia ya Furka, barabara inayofungwa kipupwe kizima na kufunguliwa kiangazi kinapoanza. Pembeni palikuwa na lundo la theluji. Akalikata kwa koleo wima, kama mtu anayekata mkate, akaniambia nichote kwa mkono. Ya juu ilikuwa laini. Ya chini ilikuwa punje punje, ngumu, kama chumvi ya mawe. Zile nyota za theluji zenye ncha hazikuwepo tena. Zinayeyuka kidogo, zinaganda, zinabanwa na za juu yake, mpaka zinakuwa mviringo. Nikasema, basi hii ndiyo firn, maana neno nilishalisikia kwake. Akatikisa kichwa. Bado. Lazima ivuke kiangazi kwanza, na jina lenyewe katika Kijerumani cha milimani maana yake ni "ya mwaka jana".

Theluji mpya ni hewa tupu. Mita moja ya ujazo haifiki hata kilo 100. Firn inapita kilo 400. Ikizidi kubanwa hadi kilo 830 hivi, vijia vya hewa vinafungika, hewa iliyobaki inanaswa kwenye mapovu, na hapo sasa ni barafu kamili. Milima ya Alpi kazi hiyo huchukua miaka kadhaa hadi makumi ya miaka. Ndani kabisa ya Antaktika, ambako theluji ni kidogo mno na hakuna kuyeyuka, inaweza kuchukua maelfu.

Halafu inatembea. Barafu ikishakuwa nene, makumi ya mita, uzito wake unaifanya ijivute kuteremka polepole kama lami iliyopata jua, na chini yake inateleza juu ya mwamba. Pale pale Furka kuna mto wa barafu wa Rhône, na kuanzia 1874 wapimaji walipanga mistari ya mawe yaliyopakwa rangi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwaka baada ya mwaka mistari ikapinda kama upinde, kwa sababu katikati hukimbia kuliko pembeni, sawasawa na mto wa maji.

Nilipouona mimi, ncha yake ilikuwa imefunikwa mablanketi meupe. Nilidhani ni takataka za ujenzi. Walikuwa wanaufunika jua lisiyeyushe pango walilolichonga ndani kwa ajili ya watalii. Nikaingia. Ukuta wa buluu, mapovu ndani yake, matone yakinidondokea shingoni. Nchi hii ilipoteza asilimia 10 ya barafu yake yote katika miaka miwili tu, 2022 na 2023.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikamweleza mablanketi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa na wa kwetu nani ataufunika?"

Mmisionari Mjerumani Rebmann alipouona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake aliuita baridi tu, na wasomi wa London wakabisha kwamba theluji Ikweta haiwezekani. Kati ya 1912 na 2011 barafu ile ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Kule juu hewa ni kavu, kwa hiyo nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Na theluji mpya ya masika na vuli haitoshi kuilinda. Mama anaamini maji ya mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia mashamba, hutoka kwenye barafu. Sikumbishia, ingawa mengi ni mvua inayonyesha kwenye msitu.

Juzi kanitumia picha alfajiri: "Umefunguka leo, mweupe kabisa."

Nikamwandikia: hiyo ni ya jana usiku, mama, siyo ya zamani.

"Mimi nitajuaje, niko huku chini nakata majani ya ng'ombe."

Saa sita mchana ikaingia picha ya pili. Weupe wote ulikuwa umeshaondoka, limebaki lile pande la upande wa kusini.