Uso wa Senakeribu

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule ya Jumapili na swali: "Baba, si Mungu aliisamehe Ninawi? Mbona Nahumu anasema ataiangamiza?" Nikamweleza kwamba nabii Yona, aliyeihubiria Ninawi ikatubu, alimtangulia nabii Nahumu kwa zaidi ya miaka mia, na waliotubu si hao waliohukumiwa. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki namuwaza yule mama wa Uvira, mashariki mwa Kongo.

Alikuwa mgeni London, nasi wa ibada ya Kiswahili tulipokezana kumtembeza. Zamu yangu ilipofika mvua ilikuwa inanyesha, nikampeleka British Museum, maana kuingia ni bure. Tukawapita wale fahali wa mawe wenye mabawa na vichwa vya watu, tukaingia chumba cha Lakishi.

Kuta za chumba kile zimejaa mabamba ya mawe ambayo Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliyachongesha kupamba jumba lake Ninawi, mji wake mkuu, baada ya kuuteka mji wa Lakishi, katika Yuda, mwaka 701 K.K. Austen Henry Layard aliyafukua miaka ya 1840. Ndiyo vita ile ya 2 Wafalme 18, Hezekia alipotuma watu Lakishi kuomba radhi na kulipa fedha na dhahabu.

Mama hakujali ngazi wala mitambo ya kubomolea ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwa wanaohamishwa. Kuna gari la kukokotwa na ng'ombe, wanawake na watoto wamekaa juu ya mizigo. Wengine wanatembea peku, vitambaa vimewashuka kutoka kichwani hadi miguuni, kila mmoja na furushi begani. Kidole chake kikawafuata hewani bila kugusa jiwe: mama, mtoto, mama, mtoto. Akarudi mwanzo, akaanza upya.

"Hivi ndivyo tulikimbiaka," akasema.

Kando yao kuna wanaume uchi waliotundikwa juu ya miti iliyochongwa ncha. Wengine wamelazwa chini, wanachunwa ngozi wakiwa hai. Mbele, mfalme ameketi kwenye kiti chake cha enzi, nyara na mateka wanapita mbele yake. Hakuna aliyemsingizia, Ashuru wenyewe walijichora hivyo, kwa fahari. Lakini uso wa mfalme umepigwapigwa hadi haupo.

"Nani alimpiga huyu usoni?"

Nikamwambia inaelekea ni maadui waliouteka mji, Wamedi na Wababeli walipoiangusha Ninawi mwaka 612 K.K. Akaniomba nimsomee Nahumu. Tukakaa kwenye benchi, nikafungua Biblia kwenye simu: "Ole wa mji wa damu!" Nikasoma magari ya vita, maiti wasio na idadi, No-amoni, mji wa Misri ambao nao ulidhani maji yangeulinda. Nilipofika mstari wa mwisho, pale kila anayesikia habari za anguko hilo anapiga makofi, Mama alipiga makofi. Kwa nguvu. Watu wakageuka.

"Mwanangu," akasema, "Mungu asipokasirikia haya, mimi nitamlilia nani?"

Nimekulia makanisa yanayomhubiri Yona kila mwaka. Nahumu nilikuwa sijawahi kumsikia mimbarini, na nikimsoma peke yangu alinitisha. Siku ile nilielewa kitabu kile kiliandikiwa nani: waliobeba mafurushi, ambao hakuna mahakama ingewasikiliza. Hasira ya Mungu kwao ni habari njema, nami siwezi tena kuiita ukali wa Agano la Kale.

Hata hivyo Yona hajaniachia. Vitabu vyote viwili vinaishia kwa swali. Nahumu anauliza ni nani ambaye uovu wa Ninawi haukumfikia. Kwa Yona, Mungu anauliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi. Katika moto wa 612 nao walikuwemo watoto. Nikiwa peke yangu swali hilo hunikosesha usingizi. Mbele ya Mama, sikuthubutu kulitamka kabla ya lile la Nahumu kusikilizwa hadi mwisho, na hadi leo sioni ni nani kati yetu tusiokimbia anayeweza kusema limekwisha kusikilizwa.